Ushuru wa Amri katika Nchi ya Mshuko

Nchi ya Mshuko imejengwa yote upande mmoja wa mlima. Juu kabisa kuna machimbo ya chumvi, na jirani ya machimbo kuna Mahakama Kuu. Chini, palipo tambarare, kuna soko, ofisi za serikali na nyumba za watu wengi. Kati ya juu na chini kuna barabara moja yenye milango minne. Chochote kinachoshuka hulipiwa ushuru katika kila mlango, na ushuru huo haulipwi kwa fedha. Mlinzi wa mlango humega sehemu ya mzigo wenyewe. Mwenye chumvi hupunguziwa chumvi, mwenye kuni hupunguziwa kuni. Kinachopanda hakitozwi kitu, kwa sababu waliotunga sheria hawakudhani kuwa jambo lolote la maana lingeweza kutoka chini.

Nilikaa huko kiangazi kizima. Nitaeleza jinsi sheria hiyo ilivyotumika kwa amri za mahakama, kisha nieleze siku ilipokoma kutumika hivyo.

Sheria inasema "chochote kinachoshuka", na amri za Mahakama Kuu hushuka. Inasemekana kuwa zamani mlinzi mmoja aliuliza kwa nini amri ipite bure ilhali mchuuzi wa kuni hapitishi mzigo wake bure, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na jibu tayari, swali likageuka kuwa desturi. Tangu hapo kila amri huwekwa mezani mlangoni. Mlinzi huisoma, huchagua maneno mazito, huyakata kwa mkasi na kubaki nayo. Kinachosalia huunganishwa kwa uji wa unga na kuendelea na safari. Nilipouliza maneno mazito ni yapi, nilielezwa kuwa ni yale yanayomtaka mtu afanye jambo. Majina ya watu ni mepesi. Salamu na maneno ya heshima hayana uzito wowote. Hupita milango yote minne bila kuguswa.

Nilimwuliza mwalimu mmoja wa sheria kama utaratibu huo hauziharibu amri.

"Amri zetu zinaheshimiwa mno," alinijibu. "Hakuna hata moja iliyowahi kupotea njiani."

Nilichunguza. Alisema kweli. Zote zilifika.

Nilikuwa nimepanga chumba kwa Sikudhani Mbegu, katika Mtaa wa Wakataji. Mtaa huo ni wa wanaokata chumvi mgodini, na nyumba zake ni za serikali. Sikudhani alikuwa mkataji hadi pale bonge la chumvi lilipoteleza na kumponda mkono wa kushoto, ukakatwa. Sheria ya Mshuko humpa mkataji aliyeumia fungu la jeraha, yaani chumvi ya kila mwezi ya kubadilishia chakula, pamoja na haki ya kuendelea kukaa mtaani. Asiyekata na asiye na fungu hutakiwa ahame kabla ya mvua za kwanza, ili nyumba apewe mkataji mpya.

Idara ya Mafungu, ambayo ndiyo hugawa chumvi hiyo, ilikuwa imelikata fungu la Sikudhani. Sababu yake iliandikwa vizuri na inaeleweka. Sheria inasema fungu ni la mkataji "aliyepoteza mkono", na Idara, baada ya kumchunguza, ilimkuta ana mkono.

"Walinigeuza huku na huku," Sikudhani alinisimulia huku akichambua mchele kwenye ungo alioubana kwa magoti. "Mwisho yule karani akaushika huu wa kulia, akaniuliza, huu ni nini basi?"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia ni mkono. Hilo ndilo kosa langu la pekee katika kesi nzima."

Alikata rufaa kwenye Baraza la Rufaa, ambalo hukaa chini, jengo moja na Idara. Baraza likakubaliana na Idara. Akapanda mlimani. Mahakama Kuu ilimsikiliza asubuhi moja na kutoa amri, ambayo niliinakili kutoka masijala ya huko juu, kabla ya mkasi kuigusa: "Idara ya Mafungu imrudishie Sikudhani Mbegu fungu lake, tangu siku lilipokatwa. Aliyepoteza mkono mmoja amepoteza mkono. Baraza la Rufaa lisilisikilize tena jambo hili."

Amri hiyo iliposhuka, ilifika hivi: "Idara ya Mafungu. Sikudhani Mbegu. Baraza la Rufaa. Jambo hili."

Mkuu wa Idara, Bwana Msellem Salawi, aliipokea akiwa amesimama. Alijibu siku hiyohiyo kwamba Idara imepokea amri kwa heshima kubwa, kwamba inakiri kuwa Idara ipo, na inakiri kuwa Sikudhani Mbegu naye yupo. Baraza, kwa upande wake, lilisema halioni maelekezo yoyote katika amri, likaisikiliza rufaa upya tangu mwanzo, na likamkuta tena Sikudhani na mkono.

Alipanda mara ya pili. Safari hii majaji waliamua kuwashinda walinzi kwa wingi wa maneno. Waliizungushia amri sifa nyingi, wakitumaini kwamba mikasi itashiba sifa na kuliacha agizo lipite. Walinzi hawakudanganyika, maana kazi hiyo walirithi kwa baba zao. Walikata agizo na kuziacha sifa. Nimeiona amri hiyo kwa macho yangu. Imetundikwa katika chumba cha kungojea cha Idara, nyuma ya kioo, na inasomeka: "Idara ya Mafungu, yenye bidii, uadilifu na historia ndefu." Baraza liliposikiliza kwa mara nyingine, lilimkuta Sikudhani na mkono, na likaongeza kwamba hata Mahakama Kuu imeisifu Idara.

Nilipata nafasi ya kumwuliza jaji mmoja kwa nini hawaufuti ushuru huo.

"Tuliufuta," alisema. "Amri ya kuufuta ilishuka. Huko chini walipokea tarehe na maneno 'kwa heshima'. Wakatujibu kwa heshima."

Ilipofika zamu ya tatu, mawingu yalikwisha kuanza kukusanyika. Mwanamke mmoja kijana, mke wa mkataji mpya, alibisha hodi kwa Sikudhani akiwa na kamba ya kupimia.

"Shikamoo mama. Samahani. Nimeambiwa nije nipime madirisha, kwa ajili ya mapazia."

"Marahaba. Pima, mwanangu," Sikudhani alimwambia. "Kupima si kuhamia."

Mwanamke yule alipima dirisha moja, akaona haya, akaondoka bila kupima la pili. Sikudhani alimaliza kazi iliyokuwa mbele yake, kisha akafunga mlango. Nilijua, na yeye alijua, kwamba akishindwa safari hii hatakuwa na mahali pa kulala mvua zikianza.

Nilikwenda naye mlimani, pamoja na wakili wake, Habili Ngoda. Habili alikuwa mtu mwembamba, asiyependa maneno mengi, aliyekwisha kushinda kesi nyingi mlimani na kuzipoteza zote barabarani. Jaji alisoma amri ileile ya kwanza, bila sifa. Wakili wa Idara alikuwa amekaa kiti cha pili kutoka kwa Habili, akasikiliza hadi mwisho, akainama kwa adabu. Kisha tukashuka na karatasi.

Mlango wa Kwanza ulichukua "tangu siku lilipokatwa". Hapo hapakuwa na mazungumzo; mlinzi alikuwa anakula.

Mlango wa Pili ni wa Shaweji. Yeye ni mcheshi na hupenda wageni. Alitukaribisha kibarazani kwake, akaiweka karatasi mezani, akalikata neno "imrudishie" kwa uangalifu wa fundi cherehani. Alituonyesha kwamba juu ya mlango wa nyumba yake lilikuwepo neno hilohilo mara mbili, limebandikwa, kutoka amri zile mbili zilizotangulia. Sasa aliongeza la tatu.

"Nalipenda neno hili," alisema. "Zito. Linaipa nyumba heshima. Na lile 'mara moja' pale jikoni, likisomwa watoto wanakuja kula mbio. Kabla ya hapo mama yao alikuwa anaita mpaka sauti inamkauka."

"Basi rudisha," Sikudhani alisema.

"Nirudishe nini, mama?"

"Sijui. Neno lako hilo ndilo linasema. Limekuamuru mara tatu na wewe umekaa."

Shaweji alicheka hadi akakohoa. Mkewe naye alicheka kutoka ndani. Hata mimi nilitabasamu. Habili peke yake hakucheka. Aliyatazama maneno yale matatu juu ya mlango, akamwuliza Shaweji kama angekubali kuja kutoa ushahidi mbele ya Baraza, kueleza kazi yake.

"Kueleza kazi yangu? Nakuja hata kesho," Shaweji alisema. "Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Mlango wa Tatu ulichukua "lisilisikilize tena". Wa Nne ulichukua fungu na habari yote ya mkono. Tulifika chini na majina.

Siku ya rufaa ukumbi wa Baraza ulijaa. Habari zilikuwa zimeenea kuwa mlinzi wa mlango atahojiwa, na waliokuja wengi walikuwa watu ambao nao waliwahi kushinda mlimani. Kiti cha mwenyekiti kilikuwa cha Bi. Rehani Mtondoo, mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya chini, ambaye ndiye aliyeongoza Baraza katika mara zote zilizopita. Pembeni yake alikaa mjumbe, Bwana Chondoma.

Bwana Salawi alianza kwa niaba ya Idara. Alizungumza vizuri. Alisema Idara haijawahi kuivunja amri ya mahakama na haitaivunja kamwe. Iliyofika imeheshimiwa. Lakini nguvu yake ilitozwa njiani kwa mujibu wa sheria, na haiwezekani Idara ilazimishwe na nguvu ambayo haikuifikia, kama vile hakuna anayeweza kupika kwa kuni zilizobaki mlangoni.

"Hoja yako naielewa," Bi. Rehani alisema. "Bwana Wakili?"

Habili alimwita Shaweji. Alikuja amevaa sare yenye vifungo vilivyosuguliwa, akaapa, akakaa wima.

"Bwana Shaweji, unapokata chumvi ya ushuru, chumvi hiyo inaendelea kuwa chumvi?"

"Ingegeuka sukari ningekuwa tajiri."

Watu walicheka. Habili alingoja.

"Inakoleza mboga sawasawa na ile iliyoendelea na safari?"

"Sawasawa."

"Na neno unalolikata katika amri. Linabaki na nguvu yake, au linaipoteza?"

"Linabaki nayo yote," Shaweji alisema, akijivuna kidogo. "Ndiyo maana tunalikata. Neno lisilo na nguvu tunaliacha lipite, la kazi gani?"

Bwana Salawi alitikisa kichwa kukubali. Hiyo ndiyo ilikuwa kesi ya Idara, na shahidi wa upande wa pili alikuwa ameithibitisha.

"Kwa hiyo nguvu ya neno 'imrudishie' haikufika kwa Idara."

"Haikufika. Ninayo mimi."

"Iko wapi hasa?"

"Nyumbani. Juu ya mlango. Wewe mwenyewe umeiona."

"Nimeiona," Habili alisema. "Basi tunakubaliana sote, na Bwana Salawi pia. Amri ya Mahakama Kuu, inayomtaka mtu amrudishie mama huyu fungu lake, iko nyumbani kwako, na nguvu yake yote. Naomba umrudishie."

Shaweji alimtazama kana kwamba hakusikia vizuri. "Nani, mimi?"

"Wewe. Kuhusu tangu lini, tutamwuliza mwenzako wa Mlango wa Kwanza. Hayo yako kwake."

"Lakini mimi sikumkatia fungu mama huyu. Idara ndiyo iliyokata."

"Idara ilikata, lakini Idara haijaamriwa kitu. Umetueleza hivyo chini ya kiapo. Aliyeamriwa ni mwenye neno. Una maneno mengine ya namna hiyo nyumbani?"

Shaweji aligeuka akatazama ukumbi. Nadhani hapo ndipo alipotambua waliokaa nyuma yake ni akina nani.

"Yapo kiasi," alisema.

"Kiasi gani?"

"Tumebandika chumba kimoja."

"Chumba kizima?"

"Na ukumbi."

"Yataje unayoyakumbuka."

"Alipe. Aachilie. Arejeshe. Ajenge upya..."

"Hilo la kujenga upya ni langu, Shaweji," mwanamke mmoja alisema kutoka nyuma. "Paa langu linavuja tangu nijifungue mtoto wa pili. Utakuja na mabati au na makuti?"

"Na 'aombe radhi' je, unalo?" mzee mmoja aliuliza. "Mimi sina haraka. Niambie tu utapita lini."

Bi. Rehani aligonga meza, ukumbi ukatulia. Shaweji alikuwa amefungua kifungo cha juu cha sare yake.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema, "zile ni karatasi tu."

"Unasema?"

"Vile vipande. Ni karatasi na wino. Havina nguvu yoyote. Watoto wanavichezea."

"Umeapa sasa hivi kuwa vina nguvu yote."

"Nilikuwa najisifu, Mheshimiwa."

Habili hakuonyesha furaha. Alimshukuru shahidi, akaligeukia Baraza. Hoja yake ilikuwa fupi na nimeiandika kama alivyoisema.

"Baraza lichague moja kati ya mawili. Kama nguvu ya amri imo katika karatasi, basi imo majumbani mwa walinzi, na kila mlinzi katika nchi hii anadaiwa yote aliyoyakata yeye na baba yake. Shahidi ameikataa njia hiyo, na simlaumu. Kama nguvu haimo katika karatasi, basi alichokata Shaweji ni karatasi, na amri haijakatwa. Iliposomwa mlimani ilikuwa tayari imemshika kila aliyetajwa ndani yake, hapohapo alipokuwa. Kilichoshuka barabarani ni habari yake tu."

Bwana Salawi alisimama. Hakuwa mtu wa kushindwa kwa pigo moja.

"Nikubali hivyo kwa ajili ya mjadala," alisema. "Amri ni nzima, na imetushika. Lakini habari yake imefika pungufu. Mtu atatiije jambo asilolijua?"

"Wakili wa Idara alikuwepo mlimani mara zote tatu," Habili alijibu. "Jaji aliisoma yote kwa sauti."

"Alikuwepo. Lakini aliposhuka, naye alipita milangoni."

"Kwani walimkata masikio?" mzee yule wa "aombe radhi" aliuliza.

Safari hii Bi. Rehani hakugonga meza. Alimwita wakili wa Idara asogee mbele na kumwuliza kama alisikia amri ikisomwa. Wakili yule alimtazama mkuu wake, kisha akamtazama mwenyekiti, akasema ndiyo. Akaulizwa kama anaikumbuka. Akasema ndiyo. Akaombwa aiseme. Akaisema neno kwa neno, na aliyeisikia hakuona pengo lolote.

Wajumbe hawakuondoka ukumbini kwenda kushauriana, kwa maana katika Mshuko mashauri ya Baraza hufanywa hadharani. Bwana Chondoma ndiye aliyeanza, na alizungumza kwa uchungu wa kweli.

"Mwenyekiti, mimi nimekaa kiti hiki muda mrefu. Nasoma, napima, naamua. Kama likishasemwa la mlimani sisi hatuna la kusema, basi sisi ni nani? Muhuri?"

"Mlimani hawakuwahi kumwona mama huyu akikata chumvi, Bwana Chondoma," Bi. Rehani alisema. "Sisi ndio tulioamua kuwa aliumia kazini, lini, na kwa namna gani. Hayo waliyapokea kwetu, hawakuyagusa. Walituambia jambo moja tu, kwamba sheria ikisema mkono inamaanisha mmoja. Hilo walilisema, sisi tukaliuliza upya, mara mbili, kana kwamba tulikuwa hatujajibiwa."

"Karatasi ilikuja tupu."

"Ilikuja tupu, na mimi na wewe tulijua imetoka wapi na imepita wapi. Mama huyu alisimama pale alipo sasa akatuambia ilivyosomwa. Tulimjibu kuwa hatuioni. Tulikuwa na njia ya kujua, tukachagua kutojua ili meza zetu zibaki safi."

"Mimi ni mmojawapo niliyechagua hivyo," Bwana Chondoma alisema, akafunga faili lake.

Bi. Rehani alitoa uamuzi papo hapo. Alisema amri ya Mahakama Kuu haitozwi ushuru kwa sababu haisafiri. Hukaa ilipotamkwa na huwafunga watu mahali pote kwa wakati mmoja, na anayeijua hawezi kujificha nyuma ya karatasi iliyochanika. Alisema Baraza lilikosea liliposikiliza upya jambo lililokwisha kuamuliwa, na kwamba kosa hilo ni la Baraza lenyewe, halikufanywa na mkasi wa mtu yeyote. Kuhusu Idara, alisema maneno haya: "Idara imetueleza mara nyingi kuwa inaiheshimu amri. Amri haikuomba kuheshimiwa. Iliomba kutekelezwa. Bwana Salawi, fungu la Sikudhani Mbegu linarudi leo, tangu siku lilipokatwa, na nyumba yake ni yake."

Watu hawakupiga kelele. Wakataji wana desturi yao: bonge kubwa likitolewa mgodini bila kumwumiza mtu, hupiga ardhi kwa visigino, polepole kwanza, halafu kwa kasi, wote kwa pamoja. Walianza wawili watatu waliokaa karibu na dirisha. Kisha ukumbi mzima ukaitika, sakafu ikatetemeka, na wino ukacheza ndani ya kidau mezani pa mwenyekiti. Sikudhani alikaa wima mbele yangu. Aliusikiliza mdundo ule kwa muda, kisha naye akainua kisigino.

Kutoka ukumbi wa Baraza hadi dirisha la kugawia chumvi ni mwendo wa ua mmoja, na katika ua huo hakuna mlango wa ushuru. Sikudhani aliuvuka akiwa na Habili upande mmoja na mimi upande mwingine, na nyuma yetu walitufuata wote waliokuwa ukumbini. Shaweji naye alikuwepo, sare imefunguliwa hadi kifuani, akimweleza mwanamke wa paa kuwa yeye ana shemeji fundi, na kwamba wakielewana vizuri mambo hayahitaji kufika mbali.

"Mambo yamefika," mwanamke alimwambia. "Wewe baki na shemeji yako. Mimi wa kunijengea ni Idara hii, imetajwa mlimani kwa jina."

Dirishani alikaa karani kijana wa Idara. Alimsalimu Sikudhani vizuri.

"Shikamoo mama. Naomba karatasi ya amri."

"Marahaba. Sikuja nayo."

"Sasa nitakupaje chumvi bila karatasi, mama yangu?"

"Ilisomwa mlimani," Sikudhani alisema. "Anayeijua yuko nyuma yako."

Karani aligeuka. Bwana Salawi alikuwa ameingia kwa mlango wa ndani na kusimama katikati ya maghala yake. Alilitazama dirisha na kundi lililolizunguka, lililoenea hadi ukutani na kutoka nje ya ua. Nilimwona akifikiri. Sijui alifikiri nini, na sitabuni.

"Mpe," alisema.

Katika Mshuko sikusikia amri nyingine fupi kuliko hiyo. Karani hakuomba iandikwe, hakuuliza ina uzito gani, wala hakutafuta mkasi. Aliinuka, akavuta bonge la kwanza, akaliweka dirishani, akarudi kuleta la pili, kisha la tatu, kwa kuwa lilikuwa deni la miezi mingi, na wakataji wawili wakajitokeza bila kuombwa wakaanza kuyapanga mabonge hayo kwenye rukwama.

Sikudhani aliulamba ukingo wa bonge la juu, kama wakataji wanavyolamba kupima ubora.

"Ni ya kwetu," alisema, akasogea pembeni kumpisha mwenzake.

Mwanamke wa paa alikwisha kufika dirishani.